Nakijwa Alipanda Peke Yake

1.

Karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi mmoja mjini Moshi, 1994:

WASANII WANAKUMBUSHWA KUWA MCHEKESHAJI WA KIKE ATAPANDA JUKWAANI AKIWA NA MWENZAKE WA KIUME. NI MARUFUKU

Hapo imechanwa. Aliyeichana ni Nakijwa Mbwambo, karani wa posta, miaka ishirini na tisa.

2.

Mzee Senzota, aliyekuwa msimamizi wa ukumbi, anasimulia:

Tulizoea mwanamke kwenye vichekesho awe mke wa fulani. Anafukuzwa kwa mwiko, anapiga kelele, anatoka. Huyu alisimama na maiki tu. Akaanza kumsema mumewe, kwamba akiandikiwa barua ya mapenzi anairudisha imesahihishwa kwa wino mwekundu. Ukumbi kimya. Nikajuta kumruhusu. Halafu mama mmoja wa mbele akacheka, akaziba mdomo, akacheka tena, na ukumbi mzima ukamfuata.

3.

Yaliyokuwa kweli katika vichekesho vyake:

mume alikuwepo, Mwalimu Eliesikia, wa shule ya msingi

wino mwekundu ulikuwepo

kila kichekesho alikisikia yeye kwanza, jikoni, akasema kipi kianze na kipi kitupwe

ukumbini hakucheka hata siku moja. Alikaa nyuma kabisa, midomo ikienda pamoja na ya mkewe.

4.

Ofisi ya Utamaduni, kwa Bi. Nakijwa Mbwambo:

Ofisi inakupongeza kwa kuwa mwanamke wa kwanza mkoani kusajiliwa kama mchekeshaji wa kujitegemea. Hata hivyo, kwenye fomu yako, sehemu ya "Jina la mwenza jukwaani", umeandika "Sina". Tafadhali jaza upya.

5.

Mimi ndiye Nakijwa. Wewe unayesoma, usitabasamu kwanza.

Miaka kumi na tano nilizunguka, Tanga, Arusha, Singida, nikila peke yangu hotelini huku watu wa meza ya pili wakininong'ona. Sokoni nikiuliza bei ya nyanya wanacheka. Nilimwambia daktari kifua kinanibana. Akaweka kalamu chini, akangoja mwisho wa kichekesho.

Nyumbani tu ndiko nilikoaminika. Nikisema nimechoka, Eliesikia alikuwa anainuka na kuweka maji jikoni.

6.

Namsifu, dada wa Mwalimu Eliesikia, anasimulia:

Kaka alifariki Machi 2009, figo. Tulimzika Same. Wifi akasimama kutoa shukrani kwa niaba ya familia. Akasema, "Mume wangu alikuwa..."

Kicheko kikatokea chini ya turubai la nyuma. Kikasambaa. Si kwa ubaya, walidhani ameanza. Wifi akatutazama mmoja mmoja, akaketi.

Nami nilicheka. Naomba liandikwe hivyo. Nami nilicheka.

7.

Kimya.

Miaka mitano.

8.

Namsifu tena:

Nilikwenda kwake Jumapili nikamwomba radhi. Aliniandalia chai. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliniuliza tu kama Jumamosi nina nafasi, saa tisa alasiri, ule ukumbi wa Moshi.

9.

Nakijwa:

Walipiga makofi mpaka nikaona aibu. Nikawaambia, "Leo msicheke mpaka nimalize."

Wakacheka.

Sikuwakasirikia. Ni mimi niliyewafundisha. Nikashusha maiki, nikangoja.

Wakacheka kwa kule kungoja kwangu.

Nikangoja.

Wa pembeni wakaacha. Wa katikati wakaangaliana. Mtu akakohoa, akanyamaza. Wifi yangu Namsifu alikuwa safu ya tatu, mikono mapajani, hatikisiki. Sijawahi kuusikia ukumbi ule mtupu namna ile, na ulikuwa umejaa.

Nikainua maiki.

"Eliesikia aliugua miezi minane," nikasema. "Usiku wa kwanza hospitali, mimi ndiye niliyeinuka kumwekea maji."