Kikombe cha Evariste

Siku ile Evariste alikuwa amelewa chakari kwa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, akaliingiza lori la mawe ya machimbo ya Kakontwe ndani ya ukuta wa Mama Clotilde. Majirani wakapiga kelele: "Buloko! Bamufunge!" Lakini kesi ilipofika mahakamani, mama mwenyewe akamwambia hakimu, "Mukimufunga, atarudia na kiu ileile. Mumupeleke ku lopitalo, bamuponyeshe."

Hakimu akakubali.

Huko, kila asubuhi muuguzi Fidèle alimpa kikombe kilichojaa maji avuke nacho ua bila kumwaga. Siku za kwanza kilifika kitupu, shati limelowa. Asubuhi ya arobaini, Evariste aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine: maji yalitulia hata mbingu ikaonekana ndani yake. Akapita langoni nacho, Fidèle hakumzuia. Akatembea mpaka kwa Mama Clotilde.

Mama alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.