Jiwe la Jibini la Thomasine

Agizo la Malkia lilifika kijijini Oakcombe siku ya Jumatatu: Misa ya Kikatoliki imerudi, na kila kanisa lirudishe altare yake ya jiwe. Mkaguzi angekuja Ijumaa. Mzee wa kanisa ambaye angekosa jiwe la kumwonyesha angepelekwa jela ya Exeter.

Gilbert Tancock, mzee wa kanisa wa Oakcombe, jiwe alikuwa nalo. Kilichomnyima usingizi ni karatasi. Miaka minne nyuma, enzi za mfalme mtoto, ndugu mdogo wa Malkia, amri ilikuwa altare zote za mawe zivunjwe, na Gilbert aliapa kwa maandishi kwamba ya Oakcombe imepondwa ikawa kokoto. Ukweli ni kwamba wanaume sita waliibeba hadi nyumbani kwake, na mkewe, Thomasine, akailaza juu ya nguzo mbili ikawa meza ya kugandamizia jibini. Sasa Gilbert akilionyesha jiwe, itajulikana kwamba aliapa uongo. Akilificha, yeye ndiye mvunjaji. Njia zote mbili zilielekea Exeter.

Thomasine alisema jiwe kama lile hatalipata tena, kwa kuwa hubaki baridi hata mwezi wa Julai. Gilbert akamuuliza kama anajua jela ya Exeter ina baridi kiasi gani. Akajibiwa kwamba wakimpeleka, basi atume habari.

Ijumaa mkaguzi aliposhuka farasini, Gilbert alimtambua. Alikuwa Bwana Ambrose Yeo, yule yule aliyetumwa na mfalme kuhakikisha jiwe limevunjwa. Siku ile mvua ilinyesha, naye hakufika kanisani. Alikaa jikoni kwa Thomasine, akala, akatia sahihi chini ya kiapo cha Gilbert kwamba kokoto ameziona kwa macho yake. Safari hii alivaa rozari nene kama kamba ya ng'ombe.

Thomasine alimwekea jibini na mkate. Yeo alikata, akatafuna, kisha akakigeuza kipande chake. Kwenye ganda ulijitokeza msalaba, safi kabisa, kama ule unaochongwa juu ya altare.

"Mama, jibini lako lina msalaba."

"Hata mwaka ule lilikuwa nao, bwana. Ulikula vipande vitatu."

Yeo aliacha kutafuna. Akaiomba ile hati ya kiapo, na Gilbert akaitoa. Yeo aliisoma hadi kwenye sahihi yake mwenyewe.

"Zile kokoto nilizoziona," alisema, "zilikuwa za barabarani."

"Barabara yetu ni mbaya sana, bwana," alisema Gilbert.

Hati iliingia motoni. Yeo aliandika nyingine, kwamba waumini wa Oakcombe walilihifadhi jiwe lao kwa ujasiri, mahali pasafi. Wale wanaume sita wakalirudisha kanisani, ambako kwa miaka minne Misa ilisomwa katika harufu ya maziwa yaliyoganda.

Novemba moja, kengele ziligongwa kwa kifo cha Malkia. Gilbert alikimbia nyumbani kumwambia mkewe kwamba mdogo wa marehemu ndiye anayetawala, na inasemekana Misa haipendi. Alimkuta Thomasine amekwisha kufagia chumba cha jibini, na zile nguzo mbili za meza zimesimama pale pale zilipokuwa.

"Waite wale sita," alisema Thomasine. "Na Bwana Yeo akija, mvua inyeshe isinyeshe, mlete jikoni kwanza."