Barabara ya Marehemu Rutaihwa

Dada yangu Renatha alikuwa na mchumba mmoja na shimo moja, na Izigo nzima ilijua habari zao. Mchumba aliitwa Julius, mtu wa Nyanga, Bukoba. Shimo lilikaa katikati ya barabara inayoingia kwetu, na mvua za masika zilikuwa zimelikuza kuliko zilivyokuza migomba. Wazee wa kwanza kuja kumposa Renatha, waliotumwa na kijana mwingine kabisa, gari lao lilinasa humo. Walifika kwa miguu, suruali zimejaa tope, wakasema hawawezi kuoa mahali ambapo kwenda kusalimia wakwe ni adhabu. Hawakurudi. Sasa watu wa Julius walikuwa wanakuja Jumamosi, kwa gari.

Nilikuwa likizo kutoka shule ya bweni, kichwa bado kimejaa Jiografia, kwa hiyo nilimsindikiza dada kwenye mkutano wa kitongoji. Nikapewa nafasi. Nikaeleza kwa unyenyekevu kwamba kule Sweden wenye ardhi kando ya barabara ndogo huunda umoja, wakaitunza wenyewe, na serikali ikawachangia. Kwamba jirani zetu wa Rwanda hutoka pamoja kufanya kazi za jamii kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwamba sisi tuna mfuko wa barabara, unaojazwa na kila anayenunua mafuta, hata mwenye bodaboda.

Wajumbe walifurahi mno. Mwenyekiti Kahangwa akasema kitongoji kifuate Sweden. Mzee Ildefons akasema Rwanda ni karibu zaidi.

"Karibu si hoja," alisema Kahangwa. "Sweden wana umoja. Umoja una mwenyekiti."

"Na Rwanda hakuna mwenyekiti?"

"Rwanda kuna majembe. Umesikia mwenyewe."

Hadi jioni tulikuwa na kamati ya Sweden, kamati ya Rwanda, na kamati ya kusuluhisha nchi hizo mbili. Shimo lilikuwa na vyura.

Tukiwa njiani kurudi, Renatha aliniuliza, "Wewe msomi, hawa watu hushika jembe kwa ajili ya nani?"

"Maiti," nilisema. Lilikuwa jibu la kitaaluma tu. Kwetu gari la maiti halijawahi kukwama. Aibu hiyo hakuna kijiji kinachoitaka.

Ijumaa asubuhi Renatha alifunga kanga kiunoni, akasimama uani, akapiga yowe. Baba mdogo Rutaihwa amefariki Mwanza. Mwili unaletwa kesho.

Bibi yetu Kokubanza, ambaye ndiye aliyetulea, alimvuta kando. "Huyo Rutaihwa nilimzaa lini?"

"Bibi, nisaidie. Mpaka kesho tu."

Bibi alifikiri kidogo, kisha akalia kumshinda Renatha.

Kabla ya saa sita wanaume walikuwa barabarani na majembe, sururu na makarai. Sweden ilibeba mawe, Rwanda ikashindilia kifusi. Hakuna aliyeitisha kikao. Wanawake walileta ndizi, kuni na maharage, wakatandaza nyasi sebuleni kwa ajili ya waombolezaji kulala. Kahangwa alikumbuka jinsi marehemu alivyokuwa mpole darasani. Ildefons alimkumbuka kwa urefu. Walibishana kidogo kuhusu urefu.

Jumamosi asubuhi Renatha alisimama mbele yao akasema ukweli: hakuna aliyekufa, Rutaihwa hajawahi kuwepo, asanteni kwa barabara, nendeni nyumbani.

Mama Getruda, jirani yetu, alimshika mabega. "Pole, waitu, pole mwanangu. Uchungu ndivyo ulivyo. Nilipofiwa na mume wangu na mimi nilikataa hivyo hivyo."

"Mama Getruda, mtu huyo simjui."

"Mleteeni uji."

Ndipo gari la Nyanga lilipoingia, safi, halina hata tone la tope. Julius alikuwa kwenye usukani. Mshenga wake, Mzee Kahigi, aliteremka na zawadi mkononi. Akaona nyasi. Akaona wanawake waliojifunga kanga, na mwenyekiti mzima anafuta machozi. Akavua kofia.

"Poleni sana. Hatukuwa na habari."

"Hakuna msiba," alisema Renatha.

"Alikuwa kama ndugu yangu," alisema Kahangwa.

Mzee Kahigi alimtazama dada yangu kwa huruma na, nadhani, kwa woga kidogo. Akasema mambo ya ndoa hayazungumzwi juu ya nyasi za matanga, familia zitawasiliana. Julius alifungua mlango ashuke. Mzee akaufunga, akamwambia ageuze gari.

Renatha alilikimbilia gari lile, kandambili mkononi, akiita. Wiki iliyopita angewakuta shimoni, wamezama hadi ekseli, na angepata mchana mzima wa kujieleza. Sasa gari lilipita juu ya kazi ya Sweden na Rwanda bila kupunguza mwendo, likapotea nyuma ya migomba.

Ildefons alikuwa amesimama kando na jembe lake begani.

"Umeona lilivyopita?" alimwambia Kahangwa. "Halikuyumba hata kidogo."