Na Ngazi Zake

Saa nne asubuhi Mwanatumu aliteremsha kikapu kwa kamba dirishani, Karisa mwuza samaki akatia changu wawili, kikapu kikapanda. Ilikuwa siku ya thelathini ya eda yake, na mjane wa eda hatoki. Nyuma ya Karisa alisimama Kamaludin, dalali wa mahakama, kengele yake kwapani.

"Sabalkheri, bibi. Nyumba ishauzwa."

"Yote?"

"Yote, na ngazi zake."

"Hii ya juu niliijenga mimi, kwa bangili zangu za mahari."

"Hati ina jina la marehemu peke yake," alisema Kamaludin, na kweli alisikitika.

"Basi eda ikisha n'takwenda mwenyewe kwa hakimu."

Gharib, Mungu amrehemu, aliiweka nyumba rahani mwaka wa 1962 bila kumwambia mkewe hata nusu neno. Amri ya kuiuza ilitoka naye yu mahututi. Deni la maiti hulipwa kabla ya urithi. Hilo hata kadhi hakulipinga. Kwa kuwa walikuwa na binti, aliyeolewa Lamu, Mwanatumu alikuwa na thumni yake, fungu moja katika manane, ya kitakachobaki. Hakikubaki hata cha kununulia ubani.

Mnunuzi, Jamaldin, alitaka kujenga ghala. Akaleta mafundi, wakabomoa ngazi, wakabomoa kuta za chini, wakazoa mawe. Ghorofa ya juu ikabaki palepale, futi kumi na mbili juu ya kiwanja, bila nguzo. Mafundi waliitazama kidogo, wakaenda kula. Karisa alihamishia samaki wake chini yake, maana palikuwa na kivuli.

Jamaldin alishtaki. Hakimu, mtu aliyechoka, aliamua kwamba ghorofa si ya mnunuzi, kwa kuwa haigusi ardhi yake. Wala si ya mjane, kwa kuwa haina hati. Kivuli lakini kiliangukia kiwanjani, basi mjane akilipie kodi. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwanatumu ulimkata mara zote mbili. Hukumu ilipanda kwa kikapu.

Siku ya mia na thelathini eda iliisha. Mwanatumu alioga, akajifukiza udi, akavaa leso mpya na buibui, akatia hukumu kwapani. Roho ilimuuma, lakini miguu ilikuwa na hamu ya njia. Akafungua mlango. Mbele yake palikuwa na hewa, na chini kabisa Karisa akipara magamba.

Alisimama kitambo. Kisha akalivua buibui, akalikunja.

"Karisa, leo nipe mmoja tu."

"Eda si ishakwisha, bibi?"

"Ishakwisha," alisema, akateremsha kikapu.