Herufi Tisa za Isidori

Kaka yangu Isidori alishuka kwenye ngazi siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na hakupanda tena. Alikuwa anachora tangazo la korona kwenye ukuta wa ghala la vitambaa, karibu na Msimbazi. Mistari miwili ilikuwa imekwisha: NAWA MIKONO KWA SABUNI, na chini yake, VAA BARAKOA. Wa tatu ulikuwa KAENI MBALIMBALI. Alipaka KAENI, akapaka M, akalaza brashi juu ya kopo, kisha akakaa kwenye kizingiti cha ghala kama mtu anayetaka kufunga kamba za viatu.

"Celina," akasema, "hewa haiingii."

Mimi ndiye niliyekuwa namchanganyia rangi na kumwoshea brashi tangu nilipomaliza kidato cha nne. Tulipanga chumba kimoja sisi wawili. Ndugu wengine wote wako Rombo. Mchana ule alilazwa, na mimi sikuruhusiwa kuvuka geti la wodi. Naandika haya kwa sababu nimeanza kusahau mambo madogo, kama vile alivaa shati gani na ni mkono upi alioupunga.

Masika yale harusi zilisimama na kumbi zikafungwa. Mtu aliyeishi kwa kuchora mabango au kutunga maigizo ya redio hakuwa na bosi wa kumlilia. Bi Fakhriya, ambaye ni mtunzi wa maigizo, alizunguka Kariakoo duka kwa duka mpaka wafanyabiashara wakakubali kuanzisha mfuko wa wasanii na waandishi wasio na mwajiri. Aliyekuwa kwenye orodha angepata chakula cha miezi mitatu, na akiugua, mfuko ungebeba matibabu yake. Sharti lilikuwa kila mmoja atoe kazi moja ya kuwakinga watu na ugonjwa, iwe imekamilika Jumamosi saa sita mchana. Waandishi walitunga matangazo ya vipaza sauti vya sokoni. Wachoraji waligawiwa kuta.

Jumatano daktari alinipigia simu. Isidori alihitaji oksijeni bila kukatika, na mitungi ya wodi haikuwatosha wagonjwa. Ndugu walitakiwa kukodi nje. Pesa niliyokuwa nayo ingetosha mpaka Jumamosi jioni tu. Kuanzia hapo, labda mfuko.

Nilikwenda kwa Bi Fakhriya. Yeye alisimama mlangoni, mimi nikabaki barabarani.

"Shikamoo, Bi Fakhriya."

"Marahaba, mwanangu. Baki hapohapo, usinielewe vibaya. Anaendeleaje?"

Nilipomweleza, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Nimewaomba wamsubiri, wamekataa. Kuna bwana mmoja kamwandikisha shemeji yake, fundi magari, eti mchoraji. Sasa hawasikii la mtu. Ukuta ukikutwa nusu, jina linafutwa."

"Na akimalizia mwingine?"

"Wao watatazama ukuta. Mkono wa nani, hawajui."

Niliondoka na nafuu. Nilikuwa nimewasahau wachoraji wenyewe.

Mtaani kwetu mchoraji hamalizii kazi ya mwenzake aliye hai. Mwenye kazi akisafiri, akilewa, hata akifungwa, bango linamsubiri na brashi yake juu ya kopo. Akifa, wenzake wanatoka makaburini wakiwa pamoja, wanakwenda kulimalizia. Ni namna yao ya kukubali kwamba hayupo.

Talha alikuwa amechora na kaka yangu miaka tisa. Nilimkuta kwenye ukuta wake, ng'ambo ya barabara.

"Mangi wangu anasemaje?" aliuliza. Alimwita Mangi, kama waitwavyo Wachaga wenye maduka, kwa utani tu: Mchaga asiye na hata kibanda cha kuuzia sukari.

"Anahitaji oksijeni. Talha, mmalizie ukuta."

Mkono wake ulisimama. "Niambie nimpe figo."

"Sitaki figo. Nataka herufi tisa."

"Celina, bango la mwalimu wangu nililimalizia nikiwa na udongo wa kaburi kwenye viatu. Nikimalizia la Isidori, nimemzika. Akirudi akaliona, nitamtazama vipi?"

"Usipomalizia hatarudi."

"Usiseme hivyo."

"Basi sema wewe."

Alivuka barabara, akaichovya brashi ya Isidori kwenye mafuta ya taa ili isikauke, akairudisha taratibu juu ya kopo.

Nilimpigia simu pia Godbless, mchoraji mwingine. Alijibu kwamba kwanza atamuuliza mkewe, halafu akazima simu.

Ijumaa mchana mvua ikanyesha. Jangwani palijaa maji, na kwenye ukuta wetu chaki aliyochorea Isidori herufi zilizobaki iliteremka yote. Rangi ya mafuta ilibaki: KAENI M. Mbele yake hapakuwa na kitu.

Jumamosi saa mbili asubuhi niliegemeza ngazi. Nilijua natakiwa kukaa ndani, kwa kuwa nilikuwa naishi na mgonjwa. Nilivaa barakoa mbili. Mwenye ghala aliponiona alivuta mlango wake.

"Dada, utaanguka na hilo gauni!" alipiga kelele msukuma mkokoteni.

Herufi ndogondogo nilikuwa nazijaza nyumbani, ila kuchora sikuwahi. B ya kwanza ilivimba. Niliifuta kwa kitambaa, nikaanza upya. Saa ikakimbia.

"Shuka." Alikuwa Talha, chini yangu.

"Sishuki."

"Watu wanatazama."

"Watazame. Tangazo la nini basi?"

Ngazi ikateleza kwenye tope. Nilikumbatia ukuta, na rangi ikaniganda shavuni. Nilipotazama chini, Talha alikuwa ameikamata ngazi kwa mikono miwili.

"Sijagusa rangi!" alisema kwa sauti, wasikie wenzake. "Nashika ngazi tu!" Kisha, kwa chini: "Hiyo A imelala. Mguu wa kulia uvute ndani."

Ng'ambo wachoraji waligeuka mmoja mmoja, wakatupa mgongo.

Saa tano na nusu simu ilitetema mfukoni. Nilitazama namba. Ya wodini.

"Pokea," alisema Talha.

"Zimebaki mbili."

"Celina, pokea."

"Nikipokea na ikawa ndiyo hiyo, sitamaliza."

Iliita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Nilipaka L, nikapaka I. Nilishuka, nikakaa chini palepale kwenye tope, nikapiga ile namba. Nesi alitaka kujua kama mtungi wa jioni utapatikana. Hilo tu.

Wafanyabiashara watatu walifika saa sita kasoro na Bi Fakhriya.

"Mbona herufi za mwisho nene?" aliuliza mmoja.

Bi Fakhriya alitazama shavu langu, akatazama ukuta. "Mvua hii, bwana. Rangi haishiki vizuri." Akatia alama kwenye orodha.

Mtungi ulifika kabla ya magharibi. Jumatatu Isidori alipata pumzi ya kuongea kidogo kwenye simu ya nesi. Nilimwambia ukuta umekwisha.

"Nani?"

"Mimi."

Nilisikia mashine ikivuma nyuma yake.

"B zimekaaje?"

"Nene."

Akacheka, akakohoa, nesi akachukua simu. Alifariki Alhamisi alfajiri, siku tano baada ya mimi kushuka kwenye ngazi. Alizikwa na watu wachache, kama walivyozikwa wengi wakati ule. Wachoraji walitoka makaburini wakaenda ukutani, wakasimama. Hapakuwa na cha kumalizia. Mmoja alisema nilimzika kabla hajafa. Mpaka leo hanisalimii. Lakini siku zile tano nilizipata, na bado nazihesabu.

Mfuko uliendelea baada ya ugonjwa kupungua. Sasa fomu yake ina mstari wa pili, chini ya jina la msanii, wa kuandika mtu atakayemalizia kazi mwenyewe akiugua. Mwaka huu waliojaza mstari huo ni watu kumi na mmoja. Talha ameuacha wazi.