Chai ya Ulaya kwa Mzee Kathuri

Kwa Mzee Kathuri, Ulaya haikuwa nchi. Ilikuwa kila kitu ambacho babake hakumwachia. Sukari ya Mhindi wa Embu mjini ilikuwa ya ulaya. Paka wa mabaka alikuwa wa ulaya. Na lile koti la jeshi alilorudi nalo kutoka Burma? Hilo lilikuwa la Kathuri.

Sasa rafiki yangu Nyamu akaenda kumpenda binti wa mtu huyo, Wawira. Kwetu posa hukubaliwa kwa kinywaji: msichana anamimina, baba anakunywa, basi. Kinywaji chenyewe ni pombe ya asali, lakini ilikuwa Imajensi, wakati wa Mau Mau, na serikali iliona kiapo ndani ya kila kibuyu. Chifu alikuwa ameipiga marufuku. Nyamu akapeleka majani ya chai, sukari na mbuzi wa mahari, na mimi nikawa msemaji wake, maana mdomo wangu haujui kupumzika.

Mzee alitusikiliza, nduguye Riungu akiwa kando, kisha akakataa. Binti yake haolewi kwa maji moto ya ulaya. Nikamwambia kwa heshima kwamba hata jina lake la ubatizo, Zakaria, halikuota Embu hii. Haikusaidia.

Birika lilikuwa bado linatoa mvuke Njoka alipoingia na bunduki. Njoka alikuwa homgadi, mlinzi wa serikali kijijini, na kazi yake ilikuwa kunusa mikutano. Akauliza mkutano huu ni wa nini. Watu walikuwa wamepelekwa kizuizini kwa kukaa pamoja namna hiyo, mlango umerudishwa.

"Tunakunywa chai," Mzee Kathuri akasema. "Chai ya ulaya."

"Wewe, mzee?"

"Mimi. Naipenda sana."

Njoka akasema basi anywe, amwone. Wawira akamimina kikombe, akampa babake kwa mikono miwili. Mzee akakimaliza, machozi yakimlengalenga kwa moto, kisha akaomba kingine ili aaminike. Njoka naye akapewa chake, sukari ya kutosha, akaenda zake ameridhika.

Mzee Riungu akasubiri nyayo zipotee. "Wawira amemimina," akasema. "Wewe umekunywa."

"Nimekunywa kwa woga. Tena kitu cha ulaya hakihesabiki."

"Chai ni ya ulaya, ndugu yangu. Koo ni la hapa."

Mzee Kathuri akamgeukia binti yake, aliyekuwa akiangalia majivu kana kwamba yana habari mpya. Hata mimi sikusema kitu.

"Hao mbuzi," Mzee akasema mwishowe, "amewafunga wapi?"