Pembe Isiyo na Uwazi

Kilonzo alikuwa fundi wa pinde, na pembe zake alizichagua mwenyewe kichinjioni Kanyangi. Ya ndama hakuigusa, maana ni uwazi mtupu. Alitaka ya fahali mzee, iliyoshikamana nchani, isiyo na ufa hata mmoja. Aliichemsha ikalainika, akaikata, akaivika kwenye miisho ya upinde ili kamba isile mti. Kutoka kwake pinde zilipelekwa mji wa Salama, zikanunuliwa na watalii wa barabara ya Mombasa.

Huo ulikuwa mwaka wa 1979, uwindaji umeshapigwa marufuku. Mchana mmoja gari aina ya Landrova liliingia uani. Akashuka mwanamume aliyejiita Mutie, akaweka gunia miguuni pa Kilonzo.

"Fundi, ikate vipande, uivike kwenye pinde kama kawaida yako. Mtalii atapanda nazo ndege, hakuna wa kuuliza."

Kilonzo akatia mkono guniani. Pembe ilikuwa nzito, haina uwazi hata kwenye shina, na pale chini nyuzi zilichomoza kama nywele. Faru!

"Kazi hii siijui, bwana."

"Utaijua. Jumamosi narudi." Yule mtu akafunua koti kidogo tu, kitako cha bastola kikaonekana, kisha akaondoka.

Kilonzo aliificha chini ya majani ya ng'ombe, lakini moyo haukutulia. Mbwa akibweka, alisimama. Majirani wakimsalimu, aliona kama wanamchunguza. Aende polisi? Atakutwa na pembe mkononi, na nani atamwamini? Na kama Mutie ana marafiki hukohuko kituoni?

Mwishowe akamwonyesha mkewe, Muthoki. Mama wa watu akakaa chini kwa kishindo.

"Baba Kavata, umeshaikata?"

"Bado."

"Basi usiiguse. Ukiikata, imekuwa yako."

"Ataniua, Muthoki."

Mkewe alijifunga leso, akaenda kanisani.

Jumamosi, gari lilipoingia, ua ulikuwa umejaa akina mama wa kanisa, wanaimba na kupiga makofi. Muthoki alikuwa amewaita kwa maombi na chai, bila kuwaambia sababu. Mutie akasimama mlangoni mwa gari, mkono ndani ya koti. Kilonzo alibeba gunia hadi mbele yake.

"Mzigo wako huu," akasema kwa sauti, wote wasikie. "Umenishinda."

Akina mama wakageuka kutazama. Mutie akatabasamu, akapokea, akamwinamia sikioni.

"Hawa mama watarudi kwao, fundi. Wewe utabaki hapa."

Gari likaondoka. Wimbo ukaendelea. Kilonzo akaingia jikoni, akajifungia.

Kilonzo na mkewe hawakungoja Mutie aje tena. Jumatatu walifunga virago, wakahamia Kikima kwa kaka yake Muthoki, ng'ombe wakawaachia jirani. Mutie hakuonekana tena. Kilonzo aliendelea kutengeneza pinde, lakini mlango wa kibanda chake alikuwa akiufunga kwa ndani hata jua likiwa utosini, na mteja alilazimika kutaja kwanza jina lake na la baba yake, ndipo afunguliwe.